Saa Mbili ya Kidoti

Mama Kidoti hakujua kufanya kazi kimyakimya. Akiwasha jiko, majirani wanajua. Akifagia, ufagio unagonga kila mguu wa meza. Akiosha masufuria, utadhani kuna bendi inafanya mazoezi. Ndivyo siku ilivyoanza kila asubuhi katika nyumba yao ya vyumba viwili.

Mumewe alikuwa fundi makochi, na yeye alikuwa mtu wa taratibu. Alikunywa chai yake amesimama mlangoni, akitazama rangi ya mbingu. Kukipambazuka vizuri alichukua nyundo yake na mfuko wa misumari, akaenda karakana. Hakuwa na haja ya saa. Mwenye karakana alifungua mlango jua likitoka, akaufunga likizama.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti wa miaka tisa. Alikuwa na doa dogo jeusi shavuni, chini kidogo ya jicho. Kwa sababu ya doa hilo mtaa mzima ulimwita Kidoti. Na mama yake akawa Mama Kidoti, apende asipende. Alipenda.

Familia hii ilikuwa ngeni. Walikuwa wamehamia kutoka nchi nyingine, miezi michache iliyopita. Huko kwao watu hawakusema Kiswahili. Fundi alikuwa na Kiswahili cha karakana: lete, shika, pima, kata. Mama Kidoti alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, na Kiswahili chake kilikuwa cha nguo: chafu, safi, loweka, kamua, anika. Kwa maneno hayo kazi zilikwenda vizuri. Lakini huwezi kulea mtoto kwa loweka na kamua.

Kidoti alisoma darasa la tatu katika shule ya karibu. Kila asubuhi alitoka na binti wa jirani, ambaye walisoma darasa moja. Msichana huyo alikuwa na maneno mengi mpaka watu wakamwita Kasuku. Kasuku alitangulia akiongea, Kidoti akamfuata kimya.

"Leo sema," mama alimwambia Kidoti mlangoni, kwa Kiswahili chake. "Shule, sema. Sema sana."

Kidoti aliitikia kwa kichwa tu.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kidoti hakuwa anasema. Kule kwao alikuwa na mdomo mwepesi. Alikuwa akiwasomea hadithi watoto wenzake, na wenzake wakikimbia kwenda kucheza, aliwasomea kuku. Sasa alikuwa kimya shuleni, na kimya hicho kilimfuata mpaka nyumbani.

Mama alipoona hivyo aliweka sheria. Ndani ya nyumba, Kiswahili tu. Lugha ya kwao ibaki nje, kama viatu vyenye tope. Alidhani kwa njia hiyo mtoto angejifunza upesi. Aliweka sheria hiyo kwa mapenzi, lakini haikuwa sheria nzuri. Wakati wa chakula waliketi watatu, wakitazamana.

"Chumvi," alisema fundi.

"Chumvi," alijibu mama, akampa.

Mazungumzo yaliishia hapo.

"Kwa nini tusiongee kama watu?" fundi alinong'ona siku moja, kwa lugha ya kwao.

"Kiswahili!" mama alimkemea.

Fundi alifikiri sana. Alitazama juu, akatazama chini.

"Chumvi," alisema.

Shule iliwaita wazazi hawa mara mbili. Mara ya kwanza Kasuku ndiye aliyeleta ujumbe.

"Shikamoo, Mama Kidoti. Mwalimu anasema wazazi waje kwenye kikao kesho. Saa mbili."

Fundi aliomba ruhusa kazini. Alivaa shati lake zuri. Saa mbili ilipofika, alikuwa getini. Uwanja ulikuwa mtupu. Mlinzi alikuwa anakula chakula chake cha mchana kivulini.

"Kikao?" alisema mlinzi. "Kimekwisha zamani, mzee wangu. Watu wameshatawanyika."

Fundi alirudi nyumbani amenywea. "Walianza bila mimi," alimwambia mkewe.

Mara ya pili mama alikwenda mwenyewe. Alihakikisha anafika mapema, saa mbili haijatimia. Alimkuta mlinzi yuleyule, na uwanja mtupu uleule.

"Mbona mnachelewa hivi, mama?" aliuliza mlinzi.

Neno "kuchelewa" Mama Kidoti alilijua vizuri. Aliambiwa kila siku kazini. Alirudi nyumbani akiwa amefura kwa hasira.

"Nimefika kabla ya saa, naambiwa nimechelewa!" alimwambia mumewe. "Watu hawa wanatucheza shere."

Kitu kimoja tu kilimpa moyo. Mwalimu alikuwa ameanzisha kipindi cha kusoma siku ya Jumamosi, kwa watoto waliohitaji msaada. Alimwita Kidoti mwenyewe. Alimwambia, "Jumamosi. Saa mbili." Akamwonyesha vidole viwili ili asikosee.

Kidoti hakukosa hata Jumamosi moja. Wazazi wake walikuwa kazini, lakini mama alimwachia chakula. Kidoti alikula chakula cha mchana, akanawa uso, akapaka miguu mafuta, akaenda shule. Jioni mama aliuliza.

"Jumamosi nzuri?"

"Nzuri."

"Mwalimu nzuri?"

"Nzuri."

Mama alilala usingizi mtamu siku hizo.

Jirani yao, mama yake Kasuku, alikuwa msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa saluni. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiopumzika. Kasuku hakuokota tabia yake barabarani. Jumamosi moja jioni, Msusi alipiga hodi kwa Mama Kidoti. Leo hakuwa na mzaha.

"Jirani, nimekutana na mwalimu wa watoto," alisema polepole, ili aeleweke. "Yule wa miwani. Habari si nzuri. Anasema Kidoti hasemi darasani. Anasema hata kusoma saa hajui. Na nyinyi wazazi mmeitwa, hamkwenda."

"Sisi kwenda!" alisema Mama Kidoti.

"Yeye anasema hamkwenda. Sasa anawaita mara ya mwisho, Jumatatu saa mbili. Msipofika, Kidoti atarudishwa darasa la kwanza, akae na wale wadogo."

Pazia la chumba cha ndani lilisogea. Kidoti alitoka. Alikuwa amesikia, na alikuwa anaelewa Kiswahili kuliko alivyoonyesha. Alimtazama mama yake, akasema kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo iliyonyooka.

"Mkinipeleka kwa watoto wa darasa la kwanza, siendi tena shule."

Mama alisahau kumkemea kwa ajili ya lugha. Alimjua mwanawe. Kidoti akisema jambo kwa sauti hiyo, amesema. Walikuwa wamehama ili mtoto asome. Sasa mtoto mwenyewe anasema hataki kuiona shule.

Msusi hakuelewa maneno, lakini uso wa mtoto aliuelewa.

"Sikiliza, jirani," alisema. "Huendi kwa mwalimu na kichwa hicho. Njoo kesho nikusuke, uende ukiwa nadhifu. Njoo saa tatu, kabla wateja hawajajaa. Sawa?"

Alionyesha vidole vitatu. Mama Kidoti naye akaonyesha vitatu. Wakaelewana, au walidhani wameelewana.

Jumapili, Mama Kidoti alifumua nywele zake zote. Zilisimama wima kama zimeona kitu cha kutisha. Alijifunga kitambaa, na saa tatu alikuwa mlangoni pa saluni. Msusi alikuwa anafagia. Alikuwa amewahudumia wateja wake karibu wote.

"Mama Kidoti! Ndiyo unakuja sasa? Nimekungoja asubuhi nzima!"

"Saa tatu," alisema Mama Kidoti. "Wewe sema saa tatu. Mimi kuja saa tatu."

"Saa tatu ya wapi, jirani? Hii ni saa tisa!"

Mama Kidoti alihisi hasira ya siku ile ya getini ikirudi. Alitoa simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na tatu, kubwa, na sifuri mbili nyuma yake.

"Tatu," alisema, akiigusa kwa kidole. "Tatu!"

Msusi aliitazama simu. Akamtazama jirani yake. Halafu akaketi kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Jamani! Kumbe! Jirani yangu, simu inaandika tatu, lakini sisi mdomoni tunasema tisa! Hatusemi kama simu."

Mama Kidoti hakuelewa. Msusi aliinuka, akaitoa saa ya ukutani, akaiweka mapajani. Aligeuza mishale kwa kidole.

"Tazama. Sisi tunaanza kuhesabu asubuhi. Jua limetoka, tumeamka, saa ya kwanza imekwisha. Tunasema saa moja. Inakwisha ya pili, tunasema saa mbili. Hapo watoto wameshaingia darasani."

"Hapo nane," alisema Mama Kidoti, akionyesha mshale mfupi.

"Mshale uko kwenye nane, ndiyo. Lakini wewe usiusome mdomo wake, usome mkia. Nenda moja kwa moja upande wa pili. Kuna nini?"

Mama Kidoti alipitisha kidole katikati ya saa mpaka upande wa pili.

"Mbili."

"Basi! Saa mbili asubuhi. Giza likiingia, tunaanza upya, saa moja ya usiku. Na kwenu je, mnaanza kuhesabu lini?"

"Usiku katikati," alisema Mama Kidoti. "Watu lala. Moja, mbili, tatu."

"Mnaanza kuhesabu watu wamelala? Sasa nani anasikia?"

Mama Kidoti alicheka. Alicheka mabega yakitikisika, kitambaa kikaanguka, nywele zikasimama. Msusi alipoziona nywele hizo, alianza kucheka upya. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walicheka bila kujua sababu.

Kisha kicheko cha Mama Kidoti kikakatika.

"Shule," alisema. "Mwalimu sema saa mbili. Hiyo asubuhi?"

"Asubuhi. Ndiyo."

"Jumamosi saa mbili?"

"Hata Jumamosi ni asubuhi. Watoto wakimaliza, shule inafungwa. Mchana hakuna mtu pale."

Mama Kidoti alisimama. Msusi alimwita, "Nywele, jirani! Nywele!" Lakini alikuwa ameshatoka, kitambaa mkononi. Alipita barabarani na nywele zile zimesimama, na hakujali nani anamwona.

Kidoti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango. Mama aliketi kando yake, akihema. Alizungumza kwa lugha ya kwao.

"Niambie. Jumamosi ukienda shule, unamkuta nani?"

Kidoti alishtuka. "Mama, Kiswahili."

"Achana na Kiswahili. Unamkuta nani?"

Kidoti alitazama vidole vya miguu yake.

"Geti," alisema.

"Geti peke yake?"

"Limefungwa. Nakaa kidogo hapo nje. Halafu narudi."

"Jumamosi zote?"

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Mwalimu alisema njoo, halafu akafunga geti. Wewe ulifurahi sana kwamba ameniita. Sikutaka ujue kwamba hawanitaki."

Mama Kidoti, mwanamke wa masufuria na kelele, alisogea karibu zaidi bila kishindo. Alimvuta mtoto, akamkumbatia. Halafu akamweleza yote: asubuhi na mchana, mdomo wa mshale na mkia wake, hesabu ya kwao na hesabu ya hapa.

"Mwalimu hakukufungia," alisema. "Alifungua asubuhi. Sisi ndio tulikutuma mchana."

Kidoti alinyanyua kichwa. "Alikuwa ananingoja?"

"Alikuwa anakungoja."

Macho ya Kidoti yakapanuka.

"Kwa hiyo na mimi sikukosea!"

"Wapi tena?"

Hapo Kidoti alisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku zake za kwanza shuleni, mwalimu alichora saa ubaoni. Mshale mfupi aliuweka kwenye kumi. Akauliza ni saa ngapi. Kidoti alifurahi, kwa kuwa namba alizijua. Alisimama mbele ya darasa zima, akasema kwa sauti kubwa, "Saa kumi!" Darasa likaangua kicheko. Mtoto mmoja alimwita "Saa Kumi" mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo Kidoti alifunga mdomo.

"Kwa hapa ilikuwa saa nne," alisema sasa, akihesabu kwa vidole upande wa pili. "Kwetu ni kumi. Nilisema kweli, mama. Nilisema kweli ya kwetu."

Fundi aliporudi, walimsimulia wakiongea wote wawili kwa pamoja. Hakuna aliyesema "Kiswahili!" Fundi alikuwa na maneno ya miezi mingi yaliyolundikana kifuani. Aliyatoa yote wakati wa chakula, na chumvi hakuna aliyeikumbuka.

Asubuhi ya Jumatatu walikwenda wote: fundi, mama, Kidoti, na Msusi aliyekuja kuwasindikiza pamoja na Kasuku wake. Nywele za Mama Kidoti zilikuwa zimesukwa upande mmoja vizuri, na upande wa pili haraka haraka. Walifika geti halijafunguliwa.

"Ninyi!" alisema mlinzi, akitafuta funguo. "Jana mlilala hapa?"

Mwalimu wa miwani aliwapokea ofisini. Hakuwa mkali, lakini alikuwa amechoka kungoja.

"Karibuni. Afadhali leo tumeonana," alisema. "Nimewaita mara mbili. Na Jumamosi nafungua darasa kwa ajili ya watoto kama Kidoti. Wenzake wanakuja. Yeye hajatokea hata mara moja. Nifikirie nini?"

Mama Kidoti alikuwa amejiandaa. Maneno alikuwa ameyapanga tangu jana. Sasa yote yalimpotea. Alitazama ukutani, akaona saa, akasimama na kuiendea.

"Mwalimu sema saa mbili," alisema, akionyesha namba nane. "Mimi kusikia saa mbili." Akaonyesha namba mbili yenyewe, upande wa pili. "Baba yake kuja. Mimi kuja. Kidoti kuja, Jumamosi yote. Hapa," na akaigusa tena ile mbili ya mchana. "Mtoto kukaa getini. Kidoti fikiri, mwalimu hapendi mimi."

Mwalimu alitazama saa. Kisha akamtazama Kidoti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ulikuja?" alimwuliza Kidoti. "Jumamosi zote?"

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

"Nami nilikuwa nakuwekea kiti. Kila Jumamosi. Mwisho nilisema, mtoto huyu na wazazi wake hawajali. Nisameheni. Ningekuja nyumbani kuuliza, tungeyamaliza siku ya kwanza."

"Na ile saa kumi, Mwalimu," alisema Msusi, ambaye alikuwa amesimuliwa njiani na alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akawageukia wazazi. "Mwambieni na ile saa kumi."

Wakamwambia. Mwalimu aliiteremsha saa ukutani. Aliweka mshale mfupi kwenye kumi, akampa Kidoti.

"Hapa kwetu ni saa ngapi?"

Kidoti alimwangalia mama yake, kisha akapitisha kidole mpaka upande wa pili.

"Saa nne."

"Na kwenu?"

"Saa kumi."

"Umenijibu mara mbili kwa mshale mmoja," alisema mwalimu. "Sasa nani wa kurudishwa darasa la kwanza hapa?"

Kidoti alimtazama kwa hofu.

"Si wewe, mwanangu. Unabaki darasa la tatu."

Mama Kidoti aliketi ghafla. Mwalimu alivuta kiti karibu naye.

"Kwenu alikuwa anajua kusoma?"

"Sana. Watoto, kuku, wote soma wao."

"Kuku?"

"Ndiyo. Soma kuku."

"Basi kusoma anajua," alisema mwalimu, akitabasamu. "Kazi hiyo haianzi upya kwa kuwa lugha ni nyingine. Kilichobaki ni maneno. Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiswahili!" alisema mama kwa fahari.

"Chumvi," alinong'ona fundi.

Mwalimu alipoelezwa sheria ile, alitikisa kichwa kwa upole.

"Mama, ondoa sheria hiyo. Ongeeni lugha yenu. Msimulieni hadithi, mumwulize siku yake ilikuwaje, acheke, abishe. Mtoto anayejua kujieleza kwa lugha ya mama yake hujifunza lugha ya pili kwa urahisi zaidi. Kiswahili atakipata hapa, kwa wenzake, akicheza. Na ninyi, mkipata ujumbe wangu msiuelewe, njooni muulize. Ulizeni hata mara tatu. Kuuliza si aibu, na mimi sitachoka. Na mimi nikitaja saa, nitasema kama ni asubuhi au mchana."

Fundi hakuwa anasikiliza vizuri. Kiti alichokalia kilikuwa kinayumba, na yeye si mtu wa kukalia kiti kinachoyumba. Alikuwa amekigeuza juu chini, anachungulia mguu.

"Hii mimi tengeneza," alisema. "Lete nyundo."

"Tuna vingine kumi na zaidi darasani," alisema mwalimu.

"Lete wote."

Hivyo ndivyo fundi alivyopata sababu ya kufika shuleni. Alikuja kila alipopata nafasi, na watoto wakamzoea. Mlinzi alimwekea kiti chake mwenyewe kivulini, baada ya kukitengenezesha kwanza.

Siku ileile mwalimu alimkalisha Kidoti dawati moja na Kasuku.

"Mwalimu," alisema Msusi, "mtoto huyu hatapata nafasi ya kusema hata neno."

"Ataanza kwa kusikia," alisema mwalimu. "Akishaelewa, atamkatiza mwenyewe."

Kisha mwalimu alichora saa ubaoni, akaweka mshale kwenye kumi. Aliwaambia watoto kwamba siku ile walicheka jibu ambalo halikuwa kosa, na kwamba yeye mwalimu hakuwazuia kwa kuwa hakujua. Akamwita Kidoti mbele. Kidoti alisimama ubaoni. Aliwaonyesha hesabu ya hapa, kisha hesabu ya kwao. Mtoto aliyemwita "Saa Kumi" alinyanyua mkono.

"Kumbe ndiyo maana simu ya baba inasema uongo!" alisema.

Darasa lilicheka tena. Safari hii Kidoti alikuwa anacheka pamoja nao.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Zilikuwepo siku ambazo Kidoti alirudi amechoka, kichwa kimejaa maneno mapya, hataki kuongea na mtu. Mama alimwacha apumzike, kisha akamwuliza siku yake kwa lugha ya kwao. Jumamosi asubuhi Kidoti alikaa kwenye kiti chake. Mwalimu alijifunza salamu ya kwao, akawafundisha darasa zima. Walipoitamka vibaya, Kidoti aliwarekebisha bila kuwacheka. Wakati wa mapumziko, Kasuku alimvuta kwenye kuruka kamba. Huko, kwenye kamba, ndiko Kidoti alikosema sentensi yake ndefu ya kwanza ya Kiswahili: "Sasa ni zamu yangu mimi, wewe umesharuka sana!"

Kisha, muhula ukielekea mwisho, Kasuku alipiga hodi.

"Shikamoo, Mama Kidoti. Mwalimu anakuita kesho. Saa nane ya mchana. Mchana, amesema nirudie."

"Kuna nini?"

"Sijui," alisema Kasuku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno. Aliondoka mbio.

Mama Kidoti hakuonja chakula vizuri siku hiyo. Aliyakumbuka yote, geti, mlinzi, darasa la kwanza. Kesho yake alifika mapema, akajipangusa uso, akaingia ofisini. Kiswahili chake kilikuwa kimekua, ila hofu ilikuwa ileile.

Mwalimu alikuwa amekunja uso.

"Keti, Mama Kidoti. Nimekuita kuhusu mwanao."

"Amefanya nini, Mwalimu?"

"Anaongea."

Mama Kidoti alisogeza kiti mbele.

"Anaongea mno," alisema mwalimu. "Nafundisha, anaongea. Wanaandika, anaongea. Nimemtenga na Kasuku, nikamweka na mtoto mpole kuliko wote. Sasa na yule mpole anaongea. Inabidi umkanye."

Mama Kidoti alifunika uso kwa mikono miwili. Mwalimu aliogopa, akadhani amemuumiza, akainuka kumshika bega. Mama alipoondoa mikono, machozi yalikuwa yanatiririka, naye anacheka.

"Mwalimu," alisema, "tafadhali, sema tena. Sema polepole."

Mwalimu alimtazama. Uso wake ulifunguka. Aliketi karibu naye na kusema tena, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

"Mwanao, Mama Kidoti, anaongea mno."

"Nitamkanya," alisema mama. "Naahidi."

Na jioni hiyo alikusudia kumkanya kweli, maana ahadi ni ahadi. Ila ilibidi asubiri kwanza, kwa sababu Kidoti alikuwa anaongea.